Uamuzi nao ni somo

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya somo ambalo wazazi wengi wakilisikia huguna. Katika vyuo vikuu mwanafunzi ana somo lake kuu, na pengine huruhusiwa kuchukua la pili, dogo, la kulisindikiza. Mzazi mmoja wa hapa Mwanza amenilalamikia kwamba kijana wake anayesomea uhasibu anataka somo hilo la pili liwe elimu ya namna watu wanavyofanya uamuzi. "Kuamua nani asiyejua?" aliniuliza. "Nilipe ada mtoto akafundishwe kukata shauri?"

Swali lake ni la haki, maana ada ni fedha. Nilimjibu kwa kumtajia majina mawili ambayo watu wa kanda hii hawayasahau.

Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei, 1996, ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Waliokufa peke yao walizidi 800. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228.

Baada ya kila msiba tulisema yale yale: uzembe, tamaa ya nauli, na mwisho tukamwachia Mungu. Wenye dhamana lazima waulizwe, hilo silipingi. Lakini lipo swali jingine: kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayeona kwa macho yake kwamba chombo kimejaa, anapanda?

Mwaka 1979 wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha makala inayosaidia kulijibu. Walionyesha kwamba mtu akiwekewa hasara ya hakika upande mmoja, na upande wa pili bahati nasibu inayoweza kumwokoa au kumtia katika hasara kubwa zaidi, mara nyingi huchagua bahati nasibu. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mwenzake alikuwa amekwisha kufariki.

Sasa mfikirie mchuuzi pale Bugolora siku ya gulio, kwani MV Nyerere ilipinduka siku ya gulio. Akikiacha kivuko, hasara yake anaijua: hana pa kulala, watoto wanamngoja ng'ambo, mzigo unaharibika. Akipanda, huenda akafika, juzi alifika. Tena wenzake wote wanapanda. Ukimwambia aache uzembe, hasara yake hujaipunguza hata kwa senti moja. Itapungua pakiwa na safari ya ziada siku ya gulio, tiketi zikikoma idadi inapotimia, na aliyekosa nafasi akiwa na hakika ya kuvuka baadaye. Mipango hiyo hupangwa na wahasibu, wahandisi na maofisa, nao hawataipanga vizuri wasipojua abiria anavyowaza.

Upo pia mfano wenye faraja. Majaribio ya Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa karibu nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Katika kanda yetu wanaume wengi hawakuwa na desturi hiyo, na matangazo ya wahudumu wa afya hayakutosha kuwavuta. Watafiti wa Bugando na wenzao wa Marekani wakawapa viongozi wa makanisa semina katika vijiji 8, kisha wakavilinganisha na vijiji vingine 8 vilivyopata huduma ya tohara bila semina. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Penye semina, karibu wanaume 53 katika kila 100 walitahiriwa. Pasipo semina, hawakufika 30. Watafiti hao walikuwa wametambua kwamba mwanamume wa kijijini, kabla ya kukata shauri, husikiliza pia kanisa lake linasema nini.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, mwache kijana asome. Asiache uhasibu, maana ndio utakaompa kazi. Lakini siku atakapopewa hesabu za kivuko, awe anafahamu pia kwa nini watu hukijaza. Nawaomba na wakuu wa vyuo vyetu, Mtakatifu Augustino pale Malimbe na vinginevyo, walifikirie somo hili kwa wanafunzi wa fani zote. Ziwa tunalo hapa mlangoni, na watu wanapanda vyombo kila siku.