Richmond na Changa la Macho
(Mazungumzo mbele ya Watanzania wa Houston na vitongoji vyake, Stafford, Texas)



Karata tatu za Kariakoo wote tunazijua. Mtu akiliwa hela husema jamaa ana mikono myepesi. Mimi nasema tuangalie macho yake. Mwaka 2006, Gustav Kuhn na Michael Land, watafiti wa Uingereza, waliwaonyesha watu video ya mcheza mazingaombwe akirusha mpira mdogo juu mara mbili. Mara ya tatu hakurusha kitu. Mpira ulibaki kiganjani, ila macho yake yalipanda juu kana kwamba anaufuata. Takriban theluthi mbili ya watazamaji walisema wameuona ukipaa. Alipotazama mkono wake badala ya juu, waliodanganyika wakashuka hadi theluthi moja hivi. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba kifaa cha kufuatilia mboni kilionyesha wengi wao hawakutazama kule juu kabisa. Walikuwa wakimtazama usoni. Yaani waliona kitu mahali ambapo macho yao hayakufika!

Sasa turudi Bongo, mwaka huohuo 2006. Ukame, Mtera imekauka, mgawo wa umeme kila mtaa. TANESCO ikasaini mkataba wa megawati 100 na Richmond, kampuni ya hapahapa Houston, jirani zetu. Mitambo haikufika kwa wakati, na kabla mwaka haujaisha mkataba ukahamia Dowans.

Nisieleweke vibaya: ukame ulikuwa wa kweli, hakuna aliyeutengeneza. Lakini usanii hauhitaji kelele mpya, hutumia iliyopo. Sote tuliuliza umeme unarudi lini. Kampuni hii imewahi kufunga mitambo wapi? Hilo lilichelewa. Viongozi walitazama Marekani, nasi tukafuata macho yao, hata sisi tunaobeba boksi humuhumu Texas ambao tungeweza kuwasha gari tukaenda kuchungulia.

Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilipowasilisha ripoti Februari 2008, ilisema Richmond haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi ile. Tarehe 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa, sasa marehemu, akatangaza kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza. Mawaziri wawili wakafuata. Tulishangilia, tukabishana nani ataingia baraza jipya.

Kwangu mimi hapo ndipo tulipopigwa changa la pili, hata kama hakuna aliyelipanga. Macho yote yalikuwa kwenye viti. Karatasi za mkataba zilibaki mezani. Novemba 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikaamuru TANESCO iilipe Dowans shilingi zipatazo bilioni 94.

Siku ya kujiuzulu wengi humu mnaikumbuka hadi mlikuwa mmekaa wapi. Siku ya hukumu ile, anyooshe mkono anayeikumbuka.