Kipindi cha Masomo Jioni: Kugeuza Fomula ya Momenta

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

Wanafunzi, chukueni kalamu na karatasi. Asiye navyo achukue kijiti, asawazishe mchanga mbele ya mlango. Leo tuna fizikia ya Kidato cha Tatu, momenta. Wazazi, naomba msizime redio. Hesabu za mada hii ndizo zinazomrudisha kijana nyumbani akisema, "Mama, fizikia naiacha." Na anayeiacha amejifungia mlango wa uhandisi, kazi ya wale wanaokuja kutengeneza pampu ya sola kisimani huku sisi tumesimama pembeni na mitungi mitupu.

Momenta si kitu kigumu. Chukua masi, yaani kilo za kitu, zidisha kwa kasi yake. Basi. Andika: p ni sawa na m mara v. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliita kiasi cha mwendo, na ninyi mliosoma kwa Kifaransa kule Kongo na Burundi mnaiita hivyo hivyo hadi leo. Kwa hiyo mnaijua tayari. Mlipovuka mpaka ni jina tu lililobadilika.

Tuanze na baiskeli iliyotoka bombani. Baiskeli, mwendeshaji na mitungi miwili iliyojaa, jumla kilo 120. Momenta yake ni 360. Inakwenda kwa kasi gani? Hapa v imezidishwa kwa m. Ili ibaki peke yake, gawanya pande zote mbili kwa m. Narudia: pande zote mbili. Alama ya sawa ni mizani. Ukipunguza huku bila kupunguza kule, imelala. Tunapata v ni sawa na p gawanya kwa m, 360 kwa 120, mita 3 kwa sekunde.

Wengi hukariri fomula tatu, ya p, ya m na ya v. Wengine huchora ile pembetatu. Mimi pembetatu siipendi. Inafaa herufi tatu zikiwa peke yake, lakini swali la mtihani likija na herufi ya nne imekufa, na wewe umekwama nayo.

Sasa swali lenyewe. Mkokoteni wa kilo 200 unakwenda wenyewe kwenye njia tambarare, mita 1.5 kwa sekunde, hakuna anayeusukuma. Gunia linaachiwa kutoka juu, linadondoka wima ndani yake. Mkokoteni unapunguza mwendo hadi mita 1.2 kwa sekunde. Gunia lina kilo ngapi?

Usikimbilie namba. Anza na herufi. M kubwa ni mkokoteni, m ndogo ni mzigo. Kasi ya mwanzo ni u, ya mwisho ni v. Gunia lilidondoka wima, halikuleta mwendo wowote wa kwenda mbele. Kwa hiyo momenta ya mkokoteni kabla ni sawa na ya wote wawili baada. Andika: M kubwa mara u, sawa na, fungua mabano, M kubwa jumlisha m ndogo, funga mabano, mara v.

(Kimya kwa sekunde kumi.)

Umeandika? Tunaitaka m ndogo. Tazama ilivyofungwa. Kwanza iliwekwa pamoja na M kubwa, halafu v ikawafunga wote kwa nje. Kila aliyewahi kufunga mzigo juu ya mkokoteni anajua kamba ipi huanza kufunguliwa: ile iliyofungwa mwisho. Basi tuanze na v. Gawanya pande zote kwa v. Kulia imebaki M kubwa jumlisha m ndogo. Sasa toa M kubwa pande zote. m ndogo ni sawa na Mu gawanya kwa v, kisha toa M.

Sasa ndiyo namba zinaingia. 200 mara 1.5 ni 300. Gawanya kwa 1.2, unapata 250. Hiyo 250 ni kilo za mkokoteni na gunia pamoja. Toa 200 za mkokoteni. Gunia ni kilo 50.

Wako wanaoanza kwa kutoa M kubwa. Wanasema 300 toa 200 ni 100, gawanya kwa 1.2, gunia kilo 83. Kosa liko wapi? M bado ilikuwa ndani ya mabano, imefungwa na v. Huwezi kuichomoa huku kamba imekaza. Na hata kabla ya mwalimu kusahihisha, yuniti zenyewe zinakataa: 300 ile ni kilo mara mita kwa sekunde, 200 ni kilo tupu. Utatoaje kilo kutoka kwa kitu ambacho si kilo?

Kuna atakayeuliza kama siku ya mgao anaweza kupima gunia lake hivi, bila mizani. Kwenye mchanga wetu, hapana. Mchanga unaula mwendo wa mkokoteni kila hatua, na hesabu yetu ilidhani hakuna kinachouzuia. Kwenye sakafu laini ya saruji, na magurudumu yenye mafuta, utakaribia.

Katika mtihani andika fomula kwanza, uigeuze, ndipo uweke namba. Ukikosea kuzidisha mwishoni, msahihishaji bado anaiona njia yako na ana kitu cha kukupa alama.

Swali la nyumbani. Mkokoteni mtupu wa kilo 150 umesimama. Kijana aliye juu yake anaruka kuelekea nyuma kwa mita 3 kwa sekunde, mkokoteni unaondoka mbele kwa mita 1 kwa sekunde. Kijana ana kilo ngapi? Upande wa kushoto utakuwa sifuri, maana mwanzo hakuna aliyekuwa akienda. Msiiogope. Kasi ya kurudi nyuma ipeni alama ya kutoa. Leteni majibu dirishani kwetu kabla ya kipindi kijacho, na muonyeshe mlivyofungua kamba.

(Muziki wa kufunga.)