Kipokezi Kuwapo na Kipokezi Kusikilizwa



Utando unaoizunguka kila seli umejaa protini zinazochungulia nje. Hizo ndizo vipokezi. Homoni ikifika hupiga hodi kwenye kipokezi chake. Kipokezi hubadili umbo, na upande wa ndani protini nyingine huupokea ujumbe na kuupitisha, hatua kwa hatua, mpaka seli iamue kugawanyika, kumwaga kemikali yake au kutulia. Watafiti wa saratani wamezoea kuanza na swali moja: kipokezi kipo au hakipo? Hoja yangu leo ni kwamba jibu la swali hilo, likisimama peke yake, limewahi kutupoteza njia. Ushahidi nautoa kwenye saratani mbili zinazoishi katika mrija mmoja, yaani utumbo.

Ya kwanza haijulikani sana. Katika ukuta wa utumbo zimetawanyika seli za nyuroendokrini, ambazo hutoa homoni na kemikali kama serotonini. Mwaka 1907 mwanapatholojia Siegfried Oberndorfer wa München alieleza vivimbe vidogo vya utumbo mwembamba ambavyo kwenye darubini vilishabihiana na saratani, lakini mwenendo wake ulikuwa wa upole. Akaviita karzinoidi. Mwaka 1929 yeye mwenyewe alieleza kwamba baadhi yake husambaa. Wanazi walipomwondoa kazini kwa kuwa Myahudi, alikwenda kufundisha Istanbul, na huko ndiko alikofariki mwaka 1944.

Vivimbe hivi vikishafika kwenye ini, serotonini na wenzake huingia katika damu bila kuvunjwavunjwa, na mgonjwa huanza kuharisha na kupandwa na joto usoni. Hapa nina ombi kwa wanafunzi wa udaktari. Vitabu vyenu husema uso wa mgonjwa huiva ukawa mwekundu. Kwa mgonjwa wa Mwanza au Kisumu wekundu huo mnaweza msiuone kabisa. Muulizeni kama anapandwa na joto la ghafla usoni na kifuani.

Dawa yake ilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Mwaka 1973, katika Taasisi ya Salk huko California, Paul Brazeau na wenzake katika maabara ya Roger Guillemin waliisaka kwenye ubongo wa kondoo homoni inayochochea utolewaji wa homoni ya ukuaji. Wakakuta inayouzuia. Somatostatini, yenye asidi-amino 14, hunyamazisha seli nyingi zinazotoa homoni, zikiwamo hizi za utumbo. Kasoro yake ni kwamba katika damu hudumu dakika chache tu. Wanakemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel waliifupisha hadi asidi-amino 8, na mwaka 1982 wakatangaza oktreotidi, ambayo hudumu kiasi cha saa moja na nusu. Wagonjwa waliokuwa wakikimbilia chooni usiku kucha wakaanza kulala.

Vipokezi vya somatostatini viko aina tano, na aina ya pili ndiyo iliyojazana kwenye vivimbe hivi. Kundi la Rotterdam, likiongozwa na Eric Krenning na Steven Lamberts, lilifikiri hivi: kama dawa inakwenda kujibandika kwenye uvimbe, kwa nini isibebeshwe kitu? Mwaka 1989 waliibebesha iodini yenye mnururisho, na vivimbe vikaonekana kwenye picha. Baadaye mzigo ukawa wa kuua: lutetiamu-177, ambayo miale yake ya beta haisafiri zaidi ya takriban milimita 2 ndani ya nyama ya mwili. Matokeo ya jaribio la NETTER-1 yalichapishwa mwaka 2017. Lilikuwa na wagonjwa 229. Kufikia mwezi wa 20, asilimia 65.2 ya waliopewa lutetiamu walikadiriwa kuwa bado hawajazidiwa na ugonjwa. Kwa waliopewa oktreotidi ya kipimo kikubwa ilikuwa asilimia 10.8.

Sasa tazameni jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo tamu kuliko yote. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mzigo huo hauna maana mpaka kipokezi kiamke na kuumeza pamoja nacho ndani ya seli. Mwaka 2006 watafiti wa Basel na Bern walijaribu molekuli zinazoshika kipokezi bila kukiamsha. Hazimezwi. Hata hivyo zilipata mahali pengi zaidi pa kushika, na katika panya wa maabara zilijikusanya kwenye uvimbe kwa wingi kuliko zile zinazomezwa. Ujumbe haukuhitajika hata kidogo. Kipokezi kilitumika kama anwani, basi. Katika ugonjwa huu, kuwapo kwa kipokezi kunakaribia kutosha.

Teremkeni kidogo hadi utumbo mpana, mambo yanageuka. Huko kipokezi maarufu ni EGFR, ambacho hupokea kichocheo cha ukuaji kilichogunduliwa na Stanley Cohen, mshindi wa Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Kingamwili iitwayo setuksimabu hukiziba. Iliporuhusiwa Marekani mwaka 2004, masharti yalionekana ya akili kabisa: mpe yule ambaye uvimbe wake umeonyesha EGFR. Lakini wingi wa kipokezi haukutabiri chochote. Mwaka 2005 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa 16 ambao vipimo vilisema hawana EGFR. Wanne kati yao uvimbe ulisinyaa.

Jibu lilikuwa ndani zaidi. Protini ya KRAS hukaa chini ya kipokezi na kupokea ujumbe wake. Jeni yake ikiharibika, KRAS hubaki imewaka muda wote, na kuziba kipokezi hakusaidii: mlango umefungwa, lakini waliomo ndani wanaendelea kuitikia hodi ambayo haikupigwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwaangalia wagonjwa 394, na asilimia 42.3 yao walikuwa na KRAS iliyoharibika. Kwa hao, setuksimabu haikuongeza uhai: miezi 4.5 kwa waliopewa, 4.6 kwa wasiopewa. Kwa wenye KRAS nzima, miezi 9.5 dhidi ya 4.8. Kabla ya hapo dawa ghali yenye madhara ya ngozi ilikuwa ikitolewa kwa watu ambao isingewafaa.

Msikitupe kipokezi kwa sababu hiyo. Badiliko la jeni liitwalo BRAF V600E linapatikana kwenye saratani ya ngozi ya melanoma na pia ya utumbo mpana. Dawa za kuizuia BRAF huipunguza melanoma kwa karibu nusu ya wagonjwa; kwenye utumbo mpana zilifaulu kwa wachache sana. Mwaka 2012 kundi la René Bernards mjini Amsterdam lilionyesha sababu: BRAF ikizimwa, seli ya utumbo mpana hukiwasha EGFR na kupata njia nyingine. Melanoma kwa kawaida ina EGFR kidogo mno. Setuksimabu ikarudi, safari hii ikiwa imeandamana na kizuizi cha BRAF, na mwaka 2020 mchanganyiko huo ukaruhusiwa Marekani.

Mengi ya haya yalijulikana kwa kutumia seli zinazooteshwa kwenye chupa, na hapo pana mtego. Ukoo wa seli HT-29, uliotolewa kwenye uvimbe wa mwanamke mmoja mwaka 1964, una BRAF V600E. HCT116 una KRAS iliyoharibika. Caco-2 hauna lolote kati ya hayo. Anayeandika tu kwamba amejaribu dawa kwenye seli za saratani ya utumbo mpana hajatuambia kitu. Kwa seli za nyuroendokrini hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Gothenburg walichunguza koo saba zilizokuwa zikitumiwa duniani, wakakuta tatu si za nyuroendokrini hata kidogo: zilikuwa seli nyeupe za damu zilizofanywa zisizeeke na virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo viligunduliwa London mwaka 1964 katika vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Uganda, ule ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala. Burkitt huyohuyo ndiye aliyekuja kudai kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi huukinga utumbo mpana na saratani.

Nije kwetu. Naulizwa mara kwa mara tuanze na mashine ipi au dawa ipi. Mimi ningeanza na kopo la formalini. Kipimo cha KRAS hutegemea DNA iliyomo kwenye kipande cha nyama kilichogandishwa ndani ya nta, na formalini isiyo na bafa huikatakata DNA hiyo. Kipande kikikaa humo majuma mawili kikisubiri gari la kwenda mjini, maabara bora kuliko zote haitakirudishia kilichopotea. Formalini yenye bafa ni nafuu ukiilinganisha na dozi moja ya setuksimabu. Kwa hiyo maabara yetu itatuma kwa hospitali tunazoshirikiana nazo formalini iliyokwisha pimwa, pamoja na fomu yenye nafasi mbili ambazo fomu za sasa hazina: saa kipande kilipokatwa, na saa kilipotumbukizwa.