Huduma za Mtoto Zivuke, Zimfuate Alipo

Serikali yasisitiza kwamba watoto waliomo kwenye makao ya watoto warudi kwa jamaa zao, kama unavyosema mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032. Sisi twaunga mkono. Mtoto hulelewa na watu wake.

Ila tunauliza: anarudi kwa nani, na huyo anayempokea, nani atamshika mkono?

Hapa Mombasa, msaada uko mbali naye. Mahakama ya Watoto iko Tononoka, kisiwani. Hospitali kuu ya rufaa, kisiwani. Nyanya wa Timbwani mwenye wajukuu wanne avuke feri. Mama wa Mlaleo avuke Daraja la Nyali. Baba wa Chaani apite Makupa kuingia kisiwani. Feri haimtozi mwenda kwa miguu, lakini siku nzima ya kibarua imekwenda, na jioni watoto wanataka chakula. Akiambiwa "rudi wiki ijayo", harudi. Halafu twasema mzazi hajali!

Huduma za jamii ziwe ndani ya jamii. Hiyo ndiyo nguzo ya kwanza ya kumrudisha mtoto kwao, na ndiyo inayovunjwa kila siku.

Nguzo ya pili: umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 yasema hivyo. Basi familia isaidiwe kabla haijavunjika. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wasiojiweza, nazo mara nyingi huchelewa, hazitoshi kodi ya nyumba, unga na sare za shule. Na pesa peke yake haimtulizi mtoto aliyepigwa, wala haimshauri mama aliyeelemewa.

Nguzo ya tatu: wanaoishi na mtoto wasikilizwe. Pwani tunalea yatima wa ndugu tangu enzi za mababu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala, yaani malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu. Kwa hiyo ustadhi, mchungaji, mzee wa mtaa na mhudumu wa afya ya jamii waitwe mipango inapoandaliwa. Wasiitwe siku ya uzinduzi kupiga makofi tu.

Huduma zikikosekana, matokeo twayaona: tukimwona kijana mwenye panga Kisauni, twaita polisi. Alipokuwa mdogo, mamake alipohangaika naye, nani alimfikia? Huduma ilikuwa wapi? Ng'ambo ya maji.

Tulilisema hili zamani, twalisema leo, na tutalisema tena: mikutano ya hoteli haimlei mtoto. Afisa wa watoto akae mtaani, kwa siku zinazojulikana, mlango uwe wazi. Mshauri nasaha awe zahanati ya karibu. Faili moja ya mtoto ishughulikiwe na mtu mmoja, ili mtoto asisimulie mateso yake upya kila dirisha.

Wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, nendeni kwenye baraza la chifu mkaulize: afisa wa watoto anakuja kwetu siku gani? Muulizeni mwakilishi wadi, muulizeni mbunge. Msikubali jibu la "tunalishughulikia". Na ukiona mtoto anateseka usingoje jirani aanze: piga simu 116, haina malipo.

Wakubwa, nyinyi ndio mvuke. Vukeni feri, vukeni daraja, piteni Makupa. Watoto wako huku.