Kupokezana Ndege Mpakani: Kwa Nini Maboresho ya Anga Yapangwe kwa Tarehe Moja

Barabara kuu inayopita hapa Mtwapa imepangwa kama barabara moja tangu Malindi hadi Bagamoyo. Inapita Kilifi na Mombasa, inavuka mpaka Lunga Lunga, inaingia Tanga, na Jumuiya ya Afrika Mashariki inaihesabu kuwa mradi mmoja wa nchi mbili, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa miongoni mwa wafadhili. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Mtwapa hahitaji kuelezwa sababu: ukipanua barabara upande mmoja wa daraja ukauacha wa pili ulivyo, msongamano umeuhamisha tu. Mada hii inadai kwamba anga iliyo juu ya barabara hiyo inastahili kupangwa vivyo hivyo. Nchi inaweza kununua rada bora na kompyuta mpya, ikawafunza waongozaji wake wa ndege kwa miaka, lakini faida ya fedha hizo inaishia pale ambapo kituo cha jirani hakiwezi kuipokea ndege kwa namna ile ile. Kwa hiyo swali la kwanza katika kila ununuzi liwe hili: jirani atakuwa tayari lini?

Pwani yetu inalionyesha jambo hili kuliko bara. Anga ya dunia imegawanywa katika maeneo ya taarifa za safari za ndege, kila eneo na kituo chake. Hapa Mtwapa tuko chini ya Nairobi. Kusini, mwendo wa kilomita mia moja hivi hadi Vanga, ambao ndege ya jeti huumaliza kwa chini ya dakika kumi, inaanza anga inayoongozwa kutoka Dar es Salaam. Kaskazini, kupita Lamu na Kiunga, ni anga ya Mogadishu. Mashariki, mbali baharini, ni ya Shelisheli. Ndege inayoufuata ufuo huu kutoka Tanzania kuelekea Somalia na Ghuba inaumaliza upande wa Kenya kwa chini ya saa moja, na katika muda huo imeshapitia mikono mitatu.

Tutazame kwa karibu jinsi mikono hiyo inavyopokezana. Mpakani kuna alama iliyopewa jina la herufi tano, isiyoonekana popote ila kwenye ramani na kompyuta. Mwongozaji aliyeko Nairobi anajua ndege fulani itafika kwenye alama hiyo dakika fulani. Kwa utaratibu wa zamani, anainua simu na kumpigia mwenzake wa Dar es Salaam. Anataja jina la safari, kimo, alama na dakika. Mwenzake anayarudia yote kwa sauti, anayaandika, na hapo ndipo ndege inapata mwenyewe upande wa pili. Ni kazi ya dakika moja. Lakini simu ikikwaruza, kimo cha 350 kinaweza kusikika 370. Au laini ikikatika wakati ndege nyingine nane zinaita, kijiti kimeanguka na aliyekiangusha huenda asijue. Kompyuta mbili zikiunganishwa hupelekeana habari hizo bila kusikia vibaya na bila kuchoka. Ila ni lazima ziwe mbili, na ni lazima zielewane. Moja peke yake, hata iwe ghali namna gani, haina wa kuzungumza naye.

Afrika ililipa kwa roho za watu kujifunza hili. Tarehe 13 Septemba 1997, nje ya pwani ya Namibia, ndege ya jeshi la anga la Ujerumani aina ya Tu-154 iligongana na ndege ya mizigo ya jeshi la anga la Marekani aina ya C-141. Ya kwanza ilitoka Niamey ikielekea Windhoek. Ya pili iliondoka Windhoek kuelekea kisiwa cha Ascension. Zote zilikuwa kwenye futi 35,000, na watu wote 33 waliokuwamo walikufa. Ndege ya Kijerumani haikuwa kwenye kimo kilichoandikwa katika mpango wake wa safari, na hilo ni kosa lake. Lakini uchunguzi uligundua pia kwamba kituo cha Luanda hakikupeleka ipasavyo habari zilizohitajika Windhoek. Hakuna ndege kati ya hizo mbili iliyokuwa na mtambo wa kuonya kuhusu mgongano, kwa hiyo kinga iliyobaki ilikuwa ni ujumbe kutoka kituo hadi kituo, nayo haikufanya kazi.

Marubani wenyewe walikwisha kujitafutia dawa. Katika sehemu kubwa ya anga ya Afrika wameelekezwa na chama cha mashirika ya ndege, IATA, watangaze safari zao kwenye masafa ya megahezi 126.9. Rubani anasema yeye ni nani, anatoka wapi, anaenda wapi, yuko kimo gani, atapita alama ipi saa ngapi. Hamsemeshi mtu mahususi, anayemsikia amsikie. Utaratibu huo umeokoa watu na haustahili kubezwa. Hata hivyo kuwapo kwake ni ushahidi mzito: kwa miaka mingi watumiaji wa anga yetu walijiona hawawezi kutegemea kwamba kituo cha mbele kinajua wanakuja.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili, kwamba tukipanga pamoja tunaweza. Zamani, kati ya futi 29,000 na 41,000, ndege zilitenganishwa kwa futi 2,000 kwenda juu, kwa kuwa vipimo vya kimo havikuaminika vya kutosha. Vipimo vilipoboreka, nafasi ikapunguzwa hadi futi 1,000, na vimo vya kurukia vikaongezeka kutoka saba hadi kumi na tatu. Ndege nyingi zaidi zikapata kimo kinachozifaa, na inayoruka kwenye kimo chake huchoma mafuta kidogo. Sasa fikiria nchi moja ingefanya hivyo peke yake. Ndege zikifika mpakani zingelazimika kupanda au kushuka ili zipatane na utaratibu wa jirani, na mpaka ungekuwa mahali pa hatari kuliko awali. Ndiyo maana Ulaya ilianza kwa pamoja tarehe 24 Januari 2002, na Afrika tarehe 25 Septemba 2008. Nchi tajiri na nchi maskini, zilizotoka vitani na zilizo na amani, ziliandaa ndege, waongozaji na nyaraka zao kuielekea siku moja. Kazi hiyo ya kuchosha ya mikutano na majedwali ilisukumwa kupitia kundi la mipango na utekelezaji la Afrika na Bahari ya Hindi, APIRG, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo ofisi yake ya Afrika Mashariki na Kusini iko Nairobi.

Wala wazo si geni kwetu. Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Novemba 1999, unazitaka nchi wanachama katika Ibara ya 92 ziunde mfumo mmoja wa kuongoza ndege katika anga ya juu. Ni ahadi yenye zaidi ya robo karne. Tangu Somalia ijiunge na Jumuiya mwaka 2024, majirani wetu wawili wa pwani, wa kusini na wa kaskazini, wamo katika nyumba moja nasi.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni la uhuru wa nchi. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaanza kwa kuipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake, na nchi zilizopigania uhuru zina haki ya kuwa na wivu juu ya hilo. Lakini kumpa mwingine kazi ya kuongoza ndege si kumpa anga, na kanuni za ICAO zinasema hivyo waziwazi. Kituo cha Maastricht kinaongoza anga ya juu ya Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, wala hakuna anayesema nchi hizo zimepoteza anga zao. Mfano wa karibu zaidi ni Somalia. Baada ya dola kuporomoka, ICAO na Umoja wa Mataifa walianza mwaka 1996 kutoa huduma za anga ya Somalia kutoka Nairobi. Desemba 2017 kazi ilirudishwa Mogadishu, na Januari 2023 anga hiyo ikapandishwa tena daraja la juu, ambapo kila ndege hutenganishwa na nyingine na mwongozaji. Miaka zaidi ya ishirini mikononi mwa wengine haikuifuta haki ya Wasomali.

Pingamizi la pili ni la 1977. Tulikuwa na idara moja ya usafiri wa anga na shirika moja la ndege, na Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka huo tukagawana vipande. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Lakini shirika la ndege ni biashara yenye madeni, mali na ajira za kugombaniwa, ilhali kubadilishana habari za safari hakuna mtaji wa kugawana. Ada za ndege zinazopita zinaweza kuhesabiwa kwa umbali uliorukwa katika kila nchi, kisha kila mmoja apewe chake; Ulaya inakusanya hivyo kupitia Eurocontrol. Ni kweli pia kwamba kupanga pamoja kunaweza kumfanya aliye mbele amsubiri aliye nyuma, na hapa lazima tutenganishe mambo. Njia ya kutua inayotegemea satelaiti haihitaji mtambo wa ardhini wala ruhusa ya jirani, na inavifaa viwanja vidogo kama Malindi, Manda na Ukunda. Hayo tuyafanye hata kesho. Yanayohitaji siku moja ni yale yanayovuka mpaka.

Wenyeji wa Kilifi watauliza: je, tatizo letu si uwanja wa Malindi, wenye njia ya kurukia ya mita 1,400 hivi? Ni tatizo, na linastahili kutatuliwa kwa haki kwa wenye ardhi. Lakini leo mgeni wa Watamu anayetua Mombasa kisha akapita hapa kwa gari ameshakuja kwa anga ile ile, na uwanja mrefu hauipunguzii ndege muda wa kuzungushwa au mafuta ya kuruka chini ya kimo chake. Mwambao huu haukuanza jana kuhitaji mipango ya anga: kati ya 1967 na 1988, kwenye majukwaa ya San Marco baharini karibu na Malindi, zilirushwa roketi zilizopeleka satelaiti, ikiwemo Uhuru ya Desemba 12, 1970, na roketi haipandi mpaka anga na bahari viwekwe wazi kwanza.

Pendekezo langu, basi, ni dogo kuliko Ibara ya 92 ila linaielekea. Kwenye mipaka ya Nairobi na Dar es Salaam, na ya Nairobi na Mogadishu, vituo vipokezane ndege kwa kompyuta saa zote, simu ibaki kuwa akiba tu. Mamlaka za nchi tatu zifungamanishe ununuzi, mafunzo na majaribio na siku moja iliyotangazwa hadharani, ili atakayechelewa aulizwe na wenzake na pia na bunge lake. Kalenda ipo tayari: mabadiliko ya taarifa za anga duniani huanza kutumika kila baada ya siku 28, siku ya Alhamisi, nchi zote kwa pamoja. Septemba 25, 2008 ilikuwa mojawapo ya Alhamisi hizo, na sasa kazi yetu ni kuchagua nyingine.