Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi



Juma lililopita mpwa wangu, ambaye ni dereva wa watalii huko Serengeti, alinijia na shauri. Anataka kuuza ng'ombe watatu alioachiwa na marehemu baba yake, anunue kamera ya kupigia picha wanyama. "Mjomba," akasema, "bila sensa kubwa hakuna picha." Ndivyo alivyoambiwa dukani.

Hapa sisemi ile sensa ya kuhesabu watu. Sensa ya kamera ni kipande kinachopokea mwanga, pale ulipokaa mkanda wa filamu zamani. Iitwayo fremu kamili ina milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya mkanda wa milimita 35. Ya APS-C, katika kamera nyingi, ina kama 24 kwa 16. Ya Micro Four Thirds ina 17.3 kwa 13. Eneo lake ni kama robo tu ya ile kubwa.

Sasa chukua lenzi ya milimita 400, umwelekee duma aliye mbali. Katika sensa zote tatu, taswira ya duma huyo ni ya kipimo kilekile. Tofauti ni kwamba sensa ndogo imeacha nyasi za pembeni, na duma ameijaza picha. Ni kama umetumia lenzi ya 600 kwenye APS-C, au ya 800 kwenye ile ndogo kabisa. Mwenye fremu kamili ya pikseli milioni 24, akitaka duma ajae vivyo hivyo, atakata picha abaki na milioni 6 hivi. La sivyo atafute lenzi ndefu zaidi. Lenzi ya 600 ya daraja la juu ina kilo 3, na bei yake yapita dola 10,000. Hao si ng'ombe watatu tena, ni zizi zima!

Je, sensa kubwa haina faida? Inayo. Jua likizama, chui akishuka mtini karibu nawe, hiyo hukusanya mwanga zaidi, na picha haijai chenga.

Lakini kazi ya mpwa wangu ni ya mchana, na hifadhini haruhusiwi kuacha njia kumfuata mnyama. Mwenye kamera isiyofika mbali hushawishika kusogeza gari. Duma naye huwinda mchana. Gari likimkatia mbele, swala amekwenda, na watoto wa duma wanalala njaa.

Nikamwambia: uliza kwanza mnyama atakuwa umbali gani, na mwanga wa saa ngapi. Ukubwa wa sensa uulize baadaye. Wazee walikwisha sema, ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Ameuza ng'ombe mmoja, akanunua APS-C ya mtumba na lenzi yake. Wawili wangali zizini.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini.