Mgonjwa wa Akili Arudipo Nyumbani

Katika sura ya tano ya Injili yake, Marko atusimulia habari ya mtu aliyeishi makaburini katika nchi ya Wagerasi. Wenyeji walikuwa wamemfunga kwa minyororo, naye akaikata. Watoto wa mafundisho huwakumbuka zaidi nguruwe waliotumbukia ziwani, nasi pia huishia hapo. Lakini tusome mbele kidogo. Watu wa mji walipofika walimkuta ametulia, amejisitiri kwa mavazi, fahamu zimemrudia. Ndipo wakaingiwa na hofu. Kelele zake za usiku na mchana walikwisha kuzizoea. Kupona kwake ndiko kulikowatisha.

Hapa Kariakoo twaliona jambo hilo. Kando ya Mtaa wa Kongo, mahali ambapo hata mkokoteni hupita kwa taabu, hutamkosa mtu aliyevaa matambara, akizungumza na watu wasioonekana. Wachuuzi wamemzoea. Mama lishe humwekea wali, na hilo ni jema mbele ya Mungu. Lakini ukiuliza jina alilopewa na mama yake, utajibiwa, “Huyo ni kichaa wetu tu.” Na siku akirudi kutoka hospitali, ameoga na kutulia, akaomba kazi ya kubeba mizigo, wale wale waliomlisha humwambia asogee mbali na bidhaa.

Baadhi ya watu hao wana ugonjwa ambao madaktari huuita skizofrenia. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba humpata mtu mmoja katika kila watu 300 hivi duniani. Mara nyingi huanza ujanani, wakati kijana anamaliza shule au anaanza biashara. Hujitenga, halali, haogi, hudhani majirani wamepanga kumdhuru. Kisha husikia sauti zinazomtukana au kumwamuru, na kwake sauti hizo ni za kweli kama hii yetu mnayoisikia redioni. Huyu si watu wawili katika mwili mmoja, wala haadhibiwi kwa dhambi za wazazi wake. Ubongo wake unaugua. Urithi wa ukoo huchangia, na uvutaji wa bangi waweza kuuchochea ugonjwa huo kwa kijana aliye na mwelekeo nao.

Familia nyingi huanzia kwa mganga, au kwenye mikesha ya maombi, na miezi hupita hadi mtaji wa kibanda unakwisha. Hatuwacheki, mzazi aliyeogopa hugonga kila mlango. Wala sala hatuizuii. Lakini yeyote amwambiaye mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani, huyo anampotosha, hata akiwa na Biblia mkononi.

Dawa za ugonjwa huu zimekuwako tangu miaka ya 1950. Hazimponyi kila mtu kabisa, ila huwapunguzia wengi zile sauti na ile hofu. Zina taabu yake pia: mikono hutetemeka, mwili hukakamaa, usingizi huzidi, wengine hunenepa. Jirani akiyaona hayo husema, “Wamemharibu hospitalini.” Mgonjwa, ambaye amekwisha kuchoka, huziacha, na baada ya majuma au miezi sauti hurudi. Kama daktari angeambiwa mapema, angeweza kupunguza kipimo, kubadili dawa, au kumpa sindano ambayo nguvu yake hudumu kwa majuma kadhaa.

Na nyumbani je? Tangu miaka ya 1950 na 1960, George Brown na watafiti wenzake wa Uingereza waliona kwamba mgonjwa arudiye penye lawama na makaripio huugua tena upesi kuliko yule arudiye penye utulivu. Mwishoni mwa miaka ya 2010, wataalamu wa Muhimbili na wa Mbeya, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliujaribu mpango ulioitwa Kuwezeshana Kupata Uzima, ambamo mgonjwa na ndugu yake huketi pamoja katika kikundi na kujifunza juu ya ugonjwa na namna ya kuishi nao. Jina hilo latupendeza, hasa neno lake la kwanza.

Mtauliza, utulivu gani katika chumba kimoja cha kupanga chenye watu sita? Swali ni la haki. Mama aliyekesha usiku wa tatu na mwanawe hawezi kujibu kila neno kwa upole. Basi hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo zina kazi. Mmoja aweza kukaa na kijana kwa nusu siku ili mama alale. Mwenye duka aweza kumpa aliyepata nafuu kazi ya kufagia au kupanga magunia, amlipe ujira wake, na kumwita kwa jina lake. Yule Mgerasi aliomba kumfuata Yesu mashuani, naye hakukubaliwa. Alirudishwa kwa jamaa zake.

Kutoka Msimbazi hadi Muhimbili, pale Upanga, hata kwa miguu mtu hufika. Kwa mama aliye peke yake, na kijana asiyetaka kutoka ndani, njia hiyo ni ndefu mno. Juma hili, tutakapokutana katika jumuiya, tuulizane ni nani atakayefuatana nao siku ya kliniki, na ni nani atakayebaki na wale wadogo.